Panya, Kitunguu na Vidonge vya Sukari: Maswali ya Wanaochanganya Dawa

Kliniki nyingi za kisukari zina utaratibu unaofanana: mgonjwa anapimwa sukari na presha, anaulizwa kama vidonge vimeisha, anaandikiwa vingine, anaambiwa arudi tarehe fulani. Ni mara chache kuulizwa kama jioni hunywa maji ya bamia, au uwatu uliolala kwenye glasi usiku kucha. Naye hasemi, maana anaogopa kugombezwa. Anachanganya kimyakimya, huku simu yake ikimletea ujumbe kwamba utafiti umethibitisha. Nyingi ya tafiti hizo zipo kweli, na zimefanywa na watu makini. Ila waliotibiwa humo ni panya. Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayemeza dawa za hospitali na anayetaka kujua habari za panya zinamhusu kwa kiasi gani.

Nimesoma kwamba kitunguu kinashusha sukari kwa nusu. Ni uongo?

Si uongo, ila habari imekatwa kiunoni. Chanzo chake ni mkutano wa wataalamu wa homoni uliofanyika San Diego, Marekani, Machi 2015. Anthony Ojieh wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Delta, huko Abraka, Nigeria, alieleza jinsi yeye na wenzake walivyowapa panya wenye kisukari metformini pamoja na kiini cha kitunguu maji. Kiini hapa ndicho kinachobaki mmea ukishakamuliwa au kulowekwa, ukachujwa, na maji yake yakakaushwa. Dozi zilikuwa tatu: miligramu 200, 400 na 600 kwa kila kilo moja ya uzito wa panya, kila siku. Panya waliopewa 400, sukari yao ya kabla ya kula ilishuka kwa asilimia 50 kutoka ilipokuwa mwanzoni. Waliopewa 600 ilishuka kwa asilimia 35.

Tuyasome tena hayo polepole. Panya hao walikuwa wanapewa metformini, dawa ileile ambayo huenda umeimeza asubuhi ya leo. Kitunguu hakikufanya kazi peke yake, na "nusu" inayotangazwa ni ya vyote viwili kwa pamoja, ikilinganishwa na siku ya kwanza. Anayetaka kujua kitunguu kimeongeza nini hana budi kuitazama sukari ya panya waliopewa metformini tupu. Kundi hilo lilikuwepo kwenye utafiti, lakini kwenye vichwa vya habari lilipotea. Halafu kuna hiyo dozi kubwa iliyoshusha kidogo kuliko ya kati. Huenda ina sababu ya kweli mwilini, na huenda ni bahati tu, kwa kuwa kila kundi lilikuwa na panya 5. Kwenye kundi la watano, panya mmoja aliyeshtuka wakati wa kuchomwa sindano anaweza kuvuta wastani wa kundi zima.

Mtafiti mwenyewe alisema wazi kwamba hawakuwa bado na maelezo ya jinsi kitunguu kilivyoishusha sukari, na kwamba kazi ya kuchunguza hilo ilikuwa mbele yao. Wasambazaji wa habari ndio waliomaliza utafiti kabla yake.

Panya wanaupataje ugonjwa huu wa kisukari?

Mara nyingi wanachomwa sumu. Swali hili watu hawaliulizi sana, na mimi naona ndilo la kwanza kuulizwa.

Kemikali mbili ndizo zinazotumika zaidi. Moja ni aloksani. Mwaka 1943, huko Glasgow, John Shaw Dunn na wenzake, waliokuwa wakichunguza majeraha ya figo, waligundua kwamba inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ya pili ni streptozotosini, inayotokana na bakteria wa udongoni. Ilianza kama kiuavijasumu, na mwaka 1963 ikaripotiwa kuwa inaleta kisukari kwa wanyama. Zote mbili huingia kwenye seli kupitia mlango uleule ambao sukari hupitia, na kwa kuwa seli hizo za panya zina milango hiyo kwa wingi, ndizo zinazofa kwanza. Seli za kongosho la binadamu zina milango hiyo michache, hivyo zinastahimili sumu hizi zaidi. Streptozotosini hata hutumika kama dawa kwa baadhi ya wagonjwa wenye uvimbe wa saratani kwenye seli hizohizo.

Basi panya mwenye kisukari cha maabara ni mnyama kijana aliyekuwa mzima juzi, na leo kongosho lake limeharibiwa kwa siku mbili tatu. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, aina yenye wagonjwa wengi katika kliniki zetu, ni mtu mzima aliyekaa na ugonjwa miaka kabla ya kujua. Insulini bado anayo. Mwili wake ndio umeacha kuitii vizuri. Hizo ni shida mbili tofauti, ingawa kipimo cha sukari kinaweza kutoa namba inayofanana.

Tofauti hiyo inaharibu hata ushindani kati ya mmea na dawa. Katika tafiti nyingi mmea hushindanishwa na glibenklamidi, kidonge kinachofanya kazi kwa kuzikamua seli za kongosho zitoe insulini. Seli zikiwa zimeuawa, glibenklamidi haina cha kukamua. Ni sawa na kubomoa kisima halafu kulaumu ndoo. Mwishoni unasoma kwamba mmea fulani "umeishinda dawa ya hospitali", kumbe dawa hiyo ilipangiwa pambano isiloweza kushinda.

Aloksani nayo ina tabia ya ajabu: baadhi ya wanyama hupona wenyewe, kwa sababu seli zilizosalia huzaliana upya. Bila kundi la panya wagonjwa wasiopewa chochote, kupona huko kutaandikwa kwenye jina la mmea.

Zipo njia nzuri zaidi. Wapo panya waliozaliwa na urithi wa unene na kisukari, na wapo wanaolishwa mafuta mengi kwa wiki kadhaa kisha kupewa streptozotosini kidogo tu, ili wafanane zaidi na kisukari cha aina ya pili. Ni ghali na ni za taratibu, ndiyo maana maabara yenye fedha kidogo hurudi kwenye sindano ya sumu.

Kwa nini watafiti wampe panya mmea pamoja na dawa? Si wangeujaribu mmea peke yake?

Kwa sababu wagonjwa ndivyo wanavyofanya. Mtu aliyegunduliwa na kisukari akiwa na miaka 50 haachi chai ya mdalasini aliyoizoea. Anaongeza vidonge juu yake. Kumchunguza panya anayepewa mmea peke yake ni kujibu swali ambalo kwa wengi limeshapita.

Kuna pia tumaini. Metformini huwasumbua wengine tumboni. Glibenklamidi huweza kuishusha sukari kupita kiasi na kuongeza uzito. Kama mmea ungeruhusu dozi ya kidonge kupunguzwa huku sukari ikibaki ilipo, wagonjwa wangefaidika. Ndiyo maana utafiti ulioandaliwa vizuri huwa na makundi matano au zaidi: panya wazima, wagonjwa wasiotibiwa, wagonjwa wa dawa tupu, wagonjwa wa mmea mtupu, na wagonjwa wa vyote viwili. Kundi mojawapo likikosekana, hesabu haikamiliki.

Vikikutana viwili, matokeo huwa ya namna tatu. Vinaweza kujumlishana tu. Vinaweza kukuzana, yaani nguvu ya pamoja ikazidi jumla ya nguvu zao. Au kimoja kikakizuia kingine. Neno la kukuzana linapendwa sana kwenye makala za kisayansi, lakini kulithibitisha kunahitaji dozi kadhaa za kila kimoja na hesabu maalumu. Utafiti wenye dozi moja ya mmea na dozi moja ya dawa hauwezi kulisema, hata ukilisema.

Mfano mmoja wa kukuzana unajulikana vyema, ingawa haukuhusu sukari. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa panya na watu wazima wenye afya kurkumini, kiungo kikuu cha manjano, kwanza peke yake na kisha pamoja na piperini ya pilipili manga. Piperini iliongeza kurkumini iliyofika kwenye damu: kwa panya kwa asilimia 154, na kwa binadamu kwa asilimia 2000. Wauza vidonge vya manjano wanaitaja hiyo 2000 kila siku. Mimi naona la kujifunza liko kwenye pengo la namba hizo mbili. Aliyeishia kwa panya asingekisia hata kidogo yaliyowapata watu. Tena pilipili manga haichagui: uwezo wake wa kuzuia mwili usivunje kemikali unaweza kuzigusa dawa nyingine ulizomeza siku hiyo.

Kuna mchanganyiko ulioonekana kuharibu kazi ya dawa?

Upo, na ni wa kitu kinachopendwa sana kwetu: bamia.

Maji ya bamia yaliyokatwa na kulowekwa usiku yanasifiwa kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Mwaka 2011 watafiti wa Bangladesh walichapisha jaribio la panya juu ya jambo hilihili. Sehemu ya kwanza ya matokeo ingemfurahisha kila mpenda bamia: ule ute ulipunguza sukari iliyofyonzwa kutoka tumboni baada ya panya kupewa glukosi. Sehemu ya pili haijapata umaarufu. Panya walipopewa bamia pamoja na metformini, ute uleule uliizuia na metformini isifyonzwe vizuri, na nguvu ya dawa ikapungua.

Inaingia akilini. Ute haujui kutofautisha sukari na kidonge. Kinachonaswa kimenaswa, na kile kinachoufanya uonekane dawa ndicho kinachoufanya uwe kikwazo.

Hapa nitatoa maoni yangu, na msomaji ana haki ya kuyakataa. Utafiti wa panya unaotoa onyo nauchukulia kwa uzito kuliko utafiti wa panya unaotoa ahadi, hata kama idadi ya wanyama ni ileile. Nikiamini onyo la bamia na baadaye likaonekana halina msingi kwa binadamu, nimepoteza nini? Nimetenganisha kidonge na glasi ya bamia kwa saa mbili hivi, kama inavyoshauriwa kwa kawaida kwa vitu vyenye ute na nyuzi nyingi. Nikiamini ahadi ya kitunguu nikapunguza vidonge, na ahadi ikawa ya panya tu, gharama inalipwa na macho, figo na miguu.

Karela ni upande wa pili. Tunda hilo chungu, linalopikwa sana kwenye nyumba za Wahindi wa pwani yetu, limeshusha sukari ya wanyama katika tafiti nyingi. Mwaka 1979 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akitumia klopropamidi, dawa ya ukoo mmoja na glibenklamidi, ambaye sukari yake iliyumba kwa sababu ya karela kwenye mchuzi. Hapo mmea haukuizuia dawa, bali uliisukuma mbele zaidi ya alivyopanga daktari. Zimeripotiwa pia habari za watoto wawili waliozimia kwa sukari kushuka baada ya kunywa chai ya karela.

Nikijua dozi ya panya, naweza kupiga hesabu ya dozi yangu?

Hesabu ipo. Matumizi yake ndiyo yanayokosewa.

Panya mdogo huchoma chakula na kuondoa dawa mwilini haraka kuliko sisi, hivyo dozi yake haizidishwi tu kwa uzito wa mtu. Mwongozo wa mwaka 2005 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unasema dozi ya panya mkubwa wa maabara, kwa kila kilo, igawanywe kwa 6.2; ya yule mdogo igawanywe kwa 12.3. Tuchukue miligramu 400 za kitunguu. Ukigawanya unapata karibu 65 kwa kila kilo, na kwa mtu wa kilo 60 ni takriban gramu 4 za kiini kikavu kila siku. Kiini, si kitunguu. Sehemu kubwa ya kitunguu ni maji, kwa hiyo sufuria ya nyumbani haitakupa kitu kile kile, na kitunguu cha Singida si lazima kifanane na cha Nigeria.

Hata hivyo hesabu hii haikutungwa ili mtu ajipimie dawa jikoni. Iliwekwa kuwasaidia watafiti kuchagua dozi ya kuanzia kwa watu wa kwanza kabisa kujaribu dawa mpya. Huanzwa na dozi ambayo haikumdhuru mnyama, ikageuzwa, kisha kwa kawaida ikagawanywa tena kwa 10 kwa ajili ya usalama. Wakati mtengeneza dawa anaanza na sehemu ya kumi, mtu wa mtandaoni anakushauri vijiko viwili vya kujaza.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa upande wa dawa. Makala nyingi huwapa panya glibenklamidi miligramu 5 kwa kila kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu miligramu 48, yaani vidonge tisa au kumi vya miligramu 5 kwa siku, wakati kikomo cha kawaida cha binadamu ni vinne. Nani ameze hivyo? Ukisikia mmea "umelingana na dawa", uliza dawa ilitolewa kiasi gani.

Kama panya hawakudhurika, si ina maana mmea ni salama?

Ina maana panya hawakudhurika kwa muda waliotazamwa, ambao mara nyingi ni wiki mbili hadi nne. Wewe utaishi na kisukari miaka 30. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu kidonge cha kisukari kiitwacho troglitazoni baada ya majaribio ya wanyama na ya watu. Kikaja kuharibu maini ya baadhi ya wagonjwa, na mwaka 2000 kikaondolewa sokoni. Hicho kilikuwa kidonge chenye kemikali moja inayojulikana. Mzizi una mamia ya kemikali.

Figo zinahitaji neno la pekee. Metformini haivunjwi na ini. Hutoka nzima nzima kupitia figo. Mmea wowote unaozichosha figo unaibakiza metformini kwenye damu, na ikirundikana inaweza kuchangia damu kujaa tindikali, hali inayoua. Mgonjwa atailaumu dawa ya hospitali, na daktari asiyeambiwa habari za mzizi atakubaliana naye.

Mbona dawa zenyewe za hospitali zilitoka kwenye mimea?

Ni kweli, na wanaotetea mitishamba wana haki ya kulisema kwa sauti. Metformini ina asili kwenye galega, mmea uliotumika Ulaya tangu zamani. Lakini angalia ilivyosafiri. Kiungo cha galega kilichoshusha sukari kilikuwa na sumu, na mmea wenyewe huua kondoo wanaoula kwa wingi. Wanakemia walitengeneza jamaa zake wenye upole zaidi. Metformini ilitengenezwa mwaka 1922, na Jean Sterne wa Paris alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Miaka 35 ilipita kati ya maabara na kitanda cha mgonjwa, na kilichofika si majani ya galega.

Gome la mtufaha lilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1835 wanakemia wa Ufaransa walitoa humo florizini. Mwaka 1886 Mjerumani Joseph von Mering alionesha kwamba inawafanya mbwa wakojoe sukari. Ilivunjika tumboni na kuharisha watu, ikawekwa kando. Dawa za leo zinazofanya figo zitoe sukari kwenye mkojo, kama dapagliflozini iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2012, zilichongwa kwa kufuata umbo lake.

Na wanyama wamo katika habari hizi tangu mwanzo. Huyohuyo von Mering, akiwa na Oskar Minkowski, mwaka 1889 alimtoa mbwa kongosho akaona amepata kisukari. Mbwa wa Toronto ndio waliopewa insulini mwaka 1921, na Januari 1922 ilichomwa kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akififia. Sidharau utafiti wa wanyama hata kidogo. Ninachokataa ni kuufanya kituo cha mwisho.

Mbona kila mmea unaofanyiwa utafiti unafaulu?

Kwa sababu zilizoshindwa hazichapishwi sana. Pia makundi ni madogo, na anayempima panya mara nyingi anajua kapewa nini. Halafu panya anayelazimishwa dawa chungu hula kidogo, na asiyekula sukari yake hushuka yenyewe. Tangu 2010 kuna mwongozo wa kimataifa uitwao ARRIVE unaowataka watafiti waeleze walivyogawa wanyama na kama mpimaji alifichwa. Ulirekebishwa mwaka 2020. Bado makala nyingi haziufuati.

Uwatu, mdalasini, mlonge, habasoda: vipi kwa binadamu?

Vimejaribiwa kwa watu, kwa viwango tofauti. Uwatu una nyuzi nyingi zinazochelewesha kufyonzwa kwa sukari, na majaribio madogo ya watu yameonesha kushuka kiasi, ingawa mengi yalikuwa na kasoro. Mdalasini umepata majibu yanayopingana; mwaka 2012 mapitio ya Cochrane ya majaribio 10 yalihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza. Mdalasini mnene wa kasia, ulio wa bei nafuu madukani, una kumarini nyingi inayoweza kulidhuru ini ukiutumia kwa vijiko kila siku. Ule mwembamba wa Zanzibar na Sri Lanka una kidogo sana. Mlonge na habasoda vina tafiti nyingi za wanyama, na za watu chache zaidi, zilizo ndogo.

Kama chakula, endelea. Kachumbari, bamia kwenye mchuzi, mdalasini kwenye pilau, mboga ya mlonge: hakuna mtu wa lishe mwenye akili atakayekunyang'anya. Shida huanza kitu kinapohama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye chupa na kupewa dozi.

Kuhusu chupa: tahadhari na ile inayofanya kazi mno. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilipokea watu 150 wasio na kisukari, sukari zao zikiwa zimeanguka vibaya, 4 walikufa. Dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kiholela zilikutwa zimetiwa glibenklamidi. Unga "wa asili" unaoshusha sukari kwa saa chache, bila jina la mtengenezaji wala namba ya usajili, unaweza kuwa kidonge kilichosagwa. Ukijumlisha na kile unachomeza nyumbani, umemeza dozi mara mbili bila kujua.

Nimeshaanza kuchanganya. Nifanye nini?

Usiache vidonge, na usipunguze kwa sababu kipimo kimetoa 6 mmol/L siku mbili mfululizo. Mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mzee aliyeitwa Babu, sukari ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa, na wapo walioacha dawa. Kisukari hakikupi maumivu ya kukukumbusha. Unaweza kujisikia mzima huku mishipa ya macho ikiharibika.

Mwambie daktari au mfamasia unachotumia, kwa jina unalolijua, hata kama ni la kikwenu. Beba majani au chupa. Akikugombeza, mweleze kwamba umekuja ili dozi ipangwe vizuri. Tumia kitu kimoja, usiweke vitatu kwa pamoja, maana likitokea jambo hutajua limeletwa na kipi. Pima sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo na uandike na saa. Kisha subiri kipimo cha wastani wa miezi miwili mitatu, kile cha HbA1c, kabla ya kusema mmea umekusaidia. Mjamzito, mtoto, na mwenye figo au ini dhaifu wasijaribu kabisa.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana cha kubadilisha. Mwili wake hautengenezi insulini, na hakuna jani litakalochukua nafasi ya sindano. Akiiacha, siku chache zinatosha kumfikisha pabaya.

Nitajuaje kwamba mchanganyiko umeishusha sukari kupita kiasi?

Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo kama mlevi. Kwa kipimo ni chini ya 3.9 mmol/L. Walio hatarini zaidi ni wanaotumia insulini au glibenklamidi, hasa wazee, na zaidi mwezi wa Ramadhani, pale mtu anapokunywa uwatu daku, akameza kidonge, kisha akashinda bila kula hadi magharibi. Aliyefunga na akapata dalili hizo afungue papo hapo.

Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida isiyo ya "zero". Apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe kama bado iko chini, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kama anatumia glibenklamidi, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ameamka, kwani dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kuanguka tena saa kadhaa baadaye. Anayempeleka achukue vidonge vyake pamoja na ile chupa ya mitishamba, avikabidhi vyote kwa muuguzi wa zamu.